Zilipendwa: Kitenzi, Jina na Bendi za Vijana katika Njia ya Kilosa na Mikumi



Neno zilipendwa linajulikana kwa kila msikilizaji wa redio nchini Tanzania. Likitajwa tu, msikilizaji huyo husikia kichwani magitaa, tumba, na nyuma yake tarumbeta au saksafoni. Hukumbuka Morogoro, Tanga, Tabora na Dar es Salaam za miaka ya 1960 na 1970. Kwa mwanaisimu, hata hivyo, neno hili lina ugeni wake. Ni sentensi nzima iliyofanywa jina. Lina kiambishi cha upatanisho zi-, kiambishi cha njeo -li-, mzizi -pend-, kiambishi cha kauli ya kutendwa -w- na irabu tamati -a. Kiima chake, yaani nyimbo, kimeachwa nje ya mlango, wala hakuna anayekiulizia.

Huko Kenya muziki uleule huitwa zilizopendwa. Bendi ya Them Mushrooms, kwa mfano, ilitoa nyimbo mseto za zamani chini ya jina hilo. Tofauti baina ya majina haya mawili ni silabi moja, nayo ni kirejeshi -zo-. Silabi hiyo si ndogo. Zilizopendwa ni kishazi tegemezi: kinangoja nomino yake, na nomino hiyo inaweza kurudishwa wakati wowote, ikiwa katika wingi au katika umoja, kama katika nyimbo zilizopendwa na wimbo uliopendwa. Zilipendwa ni kishazi huru. Hakingoji kitu. Kinatoa taarifa na kunyamaza: zilipendwa, basi.

Swali la mhadhara huu linatokana na ukimya huo. Je, jina hili, ambalo bila shaka lilitolewa kwa mapenzi, limeufanyia nini muziki unaoitwa kwalo, na hasa limewafanyia nini vijana wanaotaka kuupiga leo?

Kwanza ni suala la njeo. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa kwamba -li- ni kiambishi cha wakati uliopita, na mafundisho hayo ni sahihi. Lakini kiambishi hiki huliweka tendo kabla ya wakati wa kusema, bila kueleza iwapo tendo hilo limekoma. Mtu akisema, “Juma alipenda gitaa tangu utotoni,” hajasema kwamba Juma ameliacha. Maana ya kukoma haimo katika kiambishi. Huletwa na msikilizaji, anapojiuliza kwa nini msemaji hakuchagua -na- au -me- ilhali zote mbili zilikuwapo mdomoni mwake. Binti akiulizwa habari za mchumba wake, akajibu kwa neno moja tu, “Alinipenda,” hakuna atakayeuliza tarehe ya harusi. Ndivyo ilivyo kwa zilipendwa. Sarufi haikusema kwamba nyimbo hizi hazipendwi tena. Ni upweke wa kitenzi hicho, kisicho na kiima wala kielezi, unaomfanya msikilizaji ajaze hukumu hiyo mwenyewe.

Pili ni suala la upatanisho, na hapa ndipo neno linapoonyesha kwamba limekwisha kuacha unyumba wa kitenzi. Watu husema “wimbo huu ni zilipendwa,” ambapo kiima kiko katika umoja lakini zi- haitikisiki. Husema “bendi ya zilipendwa” na “usiku wa zilipendwa”. Kiambishi zi- hakipatanishi tena na chochote; kimeganda. Jambo hili lina ndugu zake katika lugha. Waswahili wamewaita watoto wao Sikudhani, Sikujua na Sijaona, na kila jina kati ya hayo ni sentensi ya mzazi iliyogandishwa siku ya kuzaliwa mtoto. Dar es Salaam liko eneo la Stakishari, ambalo ni tamko zima la mtu asiyetaka ugomvi. Hakuna anayemwita mtu aitwaye Sikudhani akimaanisha kwamba yeye mwitaji hakudhani. Sentensi ikishakuwa jina, msemaji wake wa kwanza hutoweka.

Hata hivyo, kutoweka huko si kamili, na mtaa umelithibitisha hilo. Katika mazungumzo ya kawaida zilipendwa sasa lina maana ya mpenzi wa zamani: “Zilipendwa wake ameoa.” Tazama jinsi upatanisho ulivyohamia ngeli ya watu, wake na a-, kwa sababu anayetajwa ana uhai, ingawa umbo la neno lingali na zi- ya nyimbo. Tazama pia kwamba maana hii mpya isingewezekana kama wasemaji wasingekuwa wanasikia bado, ndani ya jina lililoganda, ile -li- ya kukoma. Mwaka 2017 wasanii wa WCB Wasafi, Diamond Platnumz akiwamo, walitoa wimbo wa pamoja uitwao Zilipendwa, ambao ni orodha ya mambo yaliyowahi kuvuma yakapitwa na wakati. Baada ya wimbo huo kutoka, bendi ya Msondo Ngoma ililalamika hadharani kwamba muziki wake umetumiwa ndani yake bila idhini. Suala la nani alikuwa na haki si la isimu. Lenye kuvutia ni picha yenyewe: muziki unatajwa kuwa umepitwa, na papo hapo wenyewe wanasimama kuudai.

Sasa inafaa kuwatazama hao waliopewa jina hili, na kuwatazama wakiwa vijana, kabla halijawapata.

Morogoro, ambayo wakazi wake huiita “mji kasoro bahari”, ilikuwa na bendi mbili kubwa zilizoshindana: Morogoro Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1944, na Cuban Marimba. Mwanzilishi wa Cuban Marimba, Salum Abdallah, alizaliwa mwaka 1928, na mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa kijana mwenye bendi changa iitwayo La Paloma, jina la wimbo wa zamani wenye asili ya Kihispania. Bendi ya Cuban Marimba ilifuata baadaye. Vijana hawa hawakuwa na mwalimu wa Kikuba. Walikuwa na santuri. Kampuni ya HMV ilikuwa imeanza mwaka 1933 kutoa mfululizo wa santuri ulioitwa GV kwa ajili ya soko la Afrika, na ndani yake zilikuwamo rekodi za Kuba zilizokwisha kutolewa kwingine. Kwa hiyo kijana wa Morogoro aliyeiga sauti hizo hakuiga fasheni ya siku ile ya Havana. Aliiga muziki uliokuwa na umri tayari. Kwa lugha ya leo, bendi yake ilikuwa bendi chipukizi, isiyo na mwajiri, inayochota katika muziki wa zamani wa watu wengine.

Jina lenyewe la bendi lina safari ya ajabu kuliko hata muziki wake. Marimba ni neno la Kibantu. Lilivuka Atlantiki pamoja na watu waliopelekwa utumwani, likakaa Amerika ya Kilatini kama jina la ala ya mbao, kisha likarudi Morogoro likiwa limefungamanishwa na Kuba. Lakini Morogoro haikulihitaji kutoka ng'ambo. Mashariki na katikati ya Tanzania watu walikuwa na marimba zao za kupigwa kwa vidole gumba, na mtu akitoka Kilosa kuelekea magharibi, akavuka mpaka wa Mpwapwa, anaingia katika nchi ya Wagogo, ambao ilimba yao ilikuja kujulikana ulimwenguni kupitia mikono ya Hukwe Zawose. Salum Abdallah aliweka kando kwa kando neno la ugenini na neno la nyumbani, na huenda hakuna jina la bendi katika Afrika ya Mashariki lililoeleza kazi ya bendi kwa ufupi zaidi.

Maneno ya nyimbo hizo yalikuwa ya Kiswahili, nalo si jambo la kupitia haraka. Mluguru angeweza kuimba Kiluguru. Sababu ya kutofanya hivyo inaonekana vizuri zaidi ukiiacha Morogoro mjini na kufuata reli. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907, ikaendelea kupitia Kilosa hadi Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Kilosa ikawa stesheni, soko na makao ya utawala. Kandokando yake, Kimamba na Rudewa, yakaenea mashamba ya mkonge. Mashamba hayo yalitaka wafanyakazi wengi kuliko waliokuwapo, wakaletwa watu kutoka mbali, walioandikwa kwa namba na kuitwa manamba, neno ambalo nalo ni kumbukumbu ya lugha iliyogandishwa. Wenyeji wa wilaya walikuwa na Kisagara, Kikaguru na Kividunda. Wageni walikuja na lugha zao. Katika kambi ya manamba, wimbo uliotaka kueleweka na watu wa kitanda cha juu na wa kitanda cha chini ulipaswa kuwa wa Kiswahili. Kiswahili cha muziki wa dansi kililelewa mahali pa aina hiyo: chepesi katika sarufi, kikwepa maneno ya pwani yasiyojulikana bara, lakini kikishikilia methali na majina ya ukoo kama shemeji, dada na mjomba, kwa sababu hayo kila kabila linayo.

Kutoka Kilosa, tawi la reli lililokamilika katika miaka ya 1960 huelekea kusini kupitia Mikumi hadi Kidatu, kwenye miwa. Njiani kuna mahali paitwapo Ulaya, na watu wa huko wamezoea mzaha wa mgeni anayeshangaa kwamba amefika Ulaya bila pasipoti. Mikumi yenyewe imepata jina kwa mti, mkumi, ambao Kiswahili cha pwani huuita mvumo. Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilianzishwa mwaka 1964, na barabara kuu ya kwenda Iringa, Mbeya na Zambia hupita katikati yake. Kwa historia ya muziki, Mikumi ni njia panda: reli ya mkonge na miwa inakutana na barabara ya malori. Bendi iliyotaka kusikika Iringa ilipita hapo. Santuri na baadaye kanda zilipita hapo. Na redio, iliyoitwa Redio Tanzania Dar es Salaam tangu 1965, iliwafikia wale ambao bendi haikuwafikia.

Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965, na Juma Kilaza akaiongoza Cuban Marimba. Wakati huohuo katika Morogoro Jazz alikuwa akiinuka kijana aliyezaliwa mwaka 1944, Mbaraka Mwinshehe. Wasomi wa muziki wamemwandikia sana kama mpiga gitaa la solo. Hapa anahitajika kwa sababu ya uamuzi wake wa mwaka 1973, alipoiacha Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano. Mwaka 1970 alikuwa amekwenda Osaka, Japani, na Morogoro Jazz kwenye maonyesho ya Expo 70, kwa hiyo hakuondoka kwa kukosa jina. Ikumbukwe kwamba katika miaka hiyo bendi nyingi zilizokuwa na nguvu zilimilikiwa na vyombo vya umma: NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na jeshi na polisi walikuwa na zao. Vyombo vya muziki vilikuwa vya mwajiri na mshahara ulikuwa wa mwajiri. Kuanzisha bendi ya binafsi mkoani, mbali na Dar es Salaam, kulikuwa ni kujitwika mzigo kwa makusudi. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengenezea santuri. Zilitengenezwa Nairobi, na mpaka baina ya nchi hizi mbili ukafungwa mwaka 1977, hata ukafunguliwa tena mwaka 1983. Mbaraka Mwinshehe hakuuona ukifunguliwa, kwa kuwa alifariki kwa ajali ya barabarani Mombasa Januari 1979.

Methali inasema jogoo la shamba haliwiki mjini. Jogoo hili liliwika Nairobi, na wimbo wake Shida ukapendwa Kenya pengine kuliko nyumbani.

Baada ya hayo, inaweza kusemwa kwamba kutazama nyuma si tabia ya vijana wa sasa peke yao. Muziki wa dansi umefanya hivyo tangu kuzaliwa kwake. Bendi kubwa zilijipa mitindo, na mitindo hiyo mara nyingi ilipewa majina ya ngoma. Sikinde, mtindo wa Mlimani Park iliyoanzishwa mwaka 1978, ni jina la ngoma ya Wazaramo. Msondo, mtindo wa NUTA uliokuja kuwa jina la bendi, ni ngoma ndefu ijulikanayo katika shughuli za unyago. Wapigaji waliokuwa na gitaa la umeme mikononi walichagua kujiita kwa jina la ngoma ya bibi zao. Hakuna aliyewaambia kwamba wanapiga mambo ya kale, kwa sababu walipewa nafasi ya kuuita muziki wao kwa jina walilolichagua wenyewe.

Mfano wa mwisho unatoka Mikumi yenyewe, na unahusu profesa asiye na kiti katika chuo chochote. Joseph Haule, yaani Profesa Jay, alijulikana kwanza katika kundi la Hard Blasters, kisha mwaka 2001 akatoa albamu yake Machozi, Jasho na Damu. Humo umo wimbo Ndiyo Mzee, unaoigiza mwanasiasa akimwaga ahadi kwa umati unaomwitikia. Mwaka 2015 msanii huyo alichaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi, ambalo ni jimbo katika Wilaya ya Kilosa, akalitumikia hadi 2020. Alikwenda kuomba kura jukwaani akiwa na wimbo unaowacheka waomba kura. Kwa mwanaisimu kuna mambo mawili ndani ya wimbo huo. La kwanza ni muundo wa kiongozi na waitikiaji, uleule wa ngoma na wa dansi, uliohamishiwa mkutanoni. La pili ni umri wake. Imepita takriban robo karne tangu utoke, umri ambao nyimbo za Salum Abdallah zilipoufikia zilikuwa zimekwisha kuitwa zilipendwa. Mbona Ndiyo Mzee hauitwi hivyo? Msikilizaji atasema ni wimbo wa kitambo, au bongo fleva ya zamani. Hatasema ni zilipendwa, isipokuwa kwa utani.

Jibu ni kwamba zilipendwa limeacha kupima wakati. Limekuwa jina la aina ya muziki: magitaa yanayojibizana, tumba, pembe, beti zinazofuatwa na sehemu ya kuchezea. Hata hivyo limekuwa jina la aina huku likibeba tumboni kitenzi cha wakati uliopita, na hapo ndipo penye tatizo la kweli. Tuseme vijana watano wa Kilosa wanaunda bendi. Wanatunga wimbo wao wa kwanza juu ya mafuriko ya mwishoni mwa 2009, yaliyoharibu nyumba na kukata reli, au juu ya treni ya umeme iliyoanza mwaka 2024 kupita wilayani kwao ikielekea Dodoma. Wanautunga kwa mtindo wa Mbaraka. Wauiteje? Wakisema ni zilipendwa, wamesema kwamba wimbo ambao haujasikiwa na mtu ulikwisha kupendwa. Wakisema “zilipendwa mpya”, watu watacheka. Kwa hiyo mwenye ukumbi huwaita kupiga kopi, yaani nyimbo za watu wengine kama zilivyo, na wimbo wa treni hubaki mazoezini. Jina limewaruhusu kuwa wahifadhi. Halikuwaruhusu kuwa watunzi.

Sheria, kwa bahati, ina njeo tofauti na ya redio. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 humpa mtunzi haki katika uhai wake na kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa kipimo hicho, kazi za mtunzi aliyefariki mwaka 1965 zimekwisha kuwa za umma, na za aliyefariki mwaka 1979 zingali na wenyewe hadi karibu na mwisho wa muongo huu. Bendi ya vijana inayopiga kopi inapaswa kuijua tofauti hiyo, na inaelekea haitaijua ikiwa zote zimetiwa katika kapu moja la “zilipendwa”, ambalo kwa kauli yake ya kutendwa halimtaji mtenda. Zilipendwa na nani? Zilitungwa na nani? Kauli ya kutendwa inaruhusu “na” fulani kuongezwa. Jina lililoganda haliruhusu.

Hakuna haja ya kulifukuza neno. Neno lililokubaliwa na watu halifukuzwi kwa mhadhara. Kinachowezekana ni kulitenga katika kamusi kwa uangalifu. Mwanakamusi atahitaji vidahizo vidogo vitatu chini ya umbo moja. Kwanza, nyimbo za dansi zilizorekodiwa zamani, ambapo upatanisho ufuate ngeli ya nyimbo: zilipendwa hizi, zilipendwa zile. Pili, kwa matumizi ya mtaani, mpenzi wa zamani, katika ngeli ya a-/wa-. Tatu, kitu chochote kilichopitwa na wakati, kama kivumishi kisichobadilika. Mtindo wenyewe wa muziki, ule unaoweza kutungwa leo Kimamba au Mikumi, usiwekwe hapo. Uwekwe chini ya dansi, na mfano wa matumizi uchukuliwe kwa wapigaji wenyewe, ambao aghalabu wakiulizwa wanapiga nini hujibu kwa wakati uliopo: tunapiga dansi.